Hotuba ya Mutu wa Mawingu

Sijui nianzie wapi bila kuona haya, kwa hiyo nianze na aibu yenyewe: mimi, Dieudonné, niliyeitwa Profesa wa Filme hapa Kabondo (jina nilijipa mwenyewe, watu wakalizoea), nilisimama mbele ya ukumbi mzima wa parokia, nimeazima shati la shemeji yangu, nikasifu maneno ambayo hayamo kabisa katika filamu niliyokuwa naitetea. Mkitaka kucheka chekeni sasa, maana huko mbele hakuchekeshi.

Filamu ni ile ya Mutu wa Mawingu, shujaa anayegeuka ukungu na kubeba madaraja mabegani. Niliiona mara kumi na moja, zote katika banda la video la Tonton Zabuloni. Filamu hizi hutufikia kwa Kiingereza, na Kiingereza hatukijui, donc Tonton hupunguza sauti ya mashine, hushika maikrofoni na kutueleza nani anasema nini, na akinogewa huongeza chumvi, sote tunajua, tunampenda hivyohivyo. Mwongozaji wa filamu ni mzungu mwenye jina refu nililojifunza kulitamka mbele ya kioo. Kazi zake nilizijua zote, ya kwanza mpaka ya saba, na msimamo wangu ulikuwa mmoja: Mutu wa Mawingu ndiyo kilele chake, baada ya hapo alikwisha, akabaki kulipua magari.

Sasa redio moja ya mtaani ikatafuta mtangazaji wa kipindi cha sinema cha kila Jumamosi. Mama Béatrice, mkuu wa vipindi, alinijua, maana nilikuwa nimejitolea pale miezi minane nikifagia studio na kusoma matangazo ya vifo. Akapanga mjadala wa hadhara kati yangu na Nadine, mwanafunzi wa chuo, na atakayewashika watu ndiye angechukua kipindi. Nina miaka thelathini na miwili na nalala sebuleni kwa dada yangu. Nilikitaka kipindi kile kuliko kitu chochote, nisikike redioni walau mara moja nikisema jambo lisilokuwa nani anazikwa saa ngapi.

Siku mbili kabla, Mama Béatrice alinipa flash.

"Dieudo, filme yenyewe iko humu, na maandishi ya Kifaransa chini. Uiangalie kwanza."

"Mama, hii filme mi naijua kwa kichwa."

"Hata kama unaijua."

"Mama, mara kumi na moja."

Nikamrudishia. Kidude kidogo kama ukucha, nikakirudisha kwa majivuno, na hapo ndipo nilipojimaliza.

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa hadi madirishani. Tonton Zabuloni alikaa safu ya pili na kofia yake ya kanisani, kwa sababu nilimwalika mwenyewe. Nilianza vizuri, watu wakacheka nilipotaka wacheke, kisha nikamwona Mama Béatrice anaandika kwenye daftari, nikataka kuonekana msomi, nikasema (na hili Mungu anisamehe) kwamba sinema ni kazi ya mwongozaji, si ya hawa wabeba maikrofoni wa mabandani wanaotupikia maneno. Watu wakaguna. Tonton akaangalia viatu vyake.

Nadine akajibu taratibu kwamba mwongozaji yule amekomaa katika filamu za baadaye, kwamba amejifunza kuwaacha watu wake wanyamaze. Nikacheka (ndiyo, nilicheka) nikatoa karata yangu: makaburini, mvua inanyesha, mpenzi wa shujaa ameshazikwa, shujaa ametupa mgongo, na anasema yale maneno ninayoyajua kama Baba Yetu.

"Nilibeba madaraja, nilibeba muji muzima. Lakini weye, kilo zako makumi ine, sikukufikisha ku hospitali."

Mama mmoja alipangusa macho kwa ncha ya kitambaa. Nikasema mwongozaji anayeandika hivyo hana haja ya kukomaa.

"Pardon," akasema Nadine, "lakini ule mwanamuke si alianguka ku daraja? Hospitali inatoka wapi?"

"Ni ushairi, mademoiselle."

"Bon. Tuangalie."

Wakachomeka flash, ileile. Ukutani ikaja mvua, likaja kaburi, ukaja mgongo wa shujaa. Nikangoja. Nikaomba waongeze sauti, wakaongeza, na mvua ikawa kubwa zaidi. Chini hakuna herufi hata moja. Dakika nzima mtu yule alisimama tu, kisha akainama, akaenda zake. Kicheko kilianzia nyuma, kikaja safu kwa safu mpaka kikanifikia.

Mwenye akili angekaa chini. Mimi nikatangaza kwamba hiyo ni kopi iliyokatwa na kwamba shahidi ninaye, nikamnyooshea kidole Tonton, yuleyule niliyetoka kumtukana.

"Tonton, waambie batu. Shujaa anasemaka nini pale?"

Alisimama polepole, kofia mkononi.

"Hasemake kitu, mutoto yangu. Ni miye nilisema. Ilikuwa wiki ya kwanza kisha kuzika mama Aziza. Ule mutu anasimama tu, anasimama, na miye niko na micro mu mukono. Donc nikasema."

Mama Aziza ni mke wake. Kwenye matanga yake nilikula lituma ya ndizi sahani mbili. Nilijua ugonjwa ulikuwa umemkausha akawa mwepesi kama mtoto, nilijua Tonton alimfunga kwa kitenge nyuma ya baiskeli kumkimbiza hospitali, nilijua alikata roho njiani. Yote hayo nilikuwa nayajua, nikayasikia mara kumi na moja kwenye maikrofoni, halafu nikampongeza mzungu.

Hakuna aliyecheka tena. Tonton alivaa kofia, akaomba njia, akatoka.

Kipindi alikipata Nadine, haki yake, na kila Jumamosi dada yangu hukifungulia sauti ya juu nikiwa palepale sebuleni. Hilo nimelizoea, mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Nilikwenda kumwomba Tonton msamaha. Alisema, "Imeisha," akanipa kiti, na nikaona afadhali angenifukuza.

Wiki iliyofuata watu wa bandani waliomba Mutu wa Mawingu. Nilijibanza nyuma. Tulipofika makaburini Tonton aliweka maikrofoni juu ya meza, akaongeza sauti ya mashine, tukasikiliza mvua.

"Tonton, sema basi," watu wakaomba. "Sema ile ya kilo."

"Hasemake kitu," akajibu.

Niliapa palepale kwamba sitasifu tena maneno bila kuuliza yametoka kinywani mwa nani. Kiapo kizuri, hakimsaidii mtu. Filamu bado huonyeshwa, na kila mara pale makaburini huwa ni mvua tu. Maneno yale nayakumbuka yote, neno kwa neno, na sina tena haki ya kuyatamka.