Nyongo ya Zuleha Iliyokaa Kushoto

"Wamekutoboa tumbo lote, shemeji! Umebaki kama chujio la chai!"

Huyo ni Mikidadi, mwenye bucha wetu hapa Naipingo, anamfokea Zuleha, mke wa mdogo wake. Tumbo lote wapi? Matundu yenyewe manne, kila moja unalifunika kwa korosho moja. Mimi jirani nilikwenda kwa Zuleha kuomba moto tu, nikakaa. Nani anaondoka penye ugomvi mtamu?

Na kama ni kushuku, Zuleha angeshuku wa kwanza. Korosho zake huzipima nyumbani kabla ya kuzipeleka ghalani, na akifika huko anaukodolea mzani mpaka karani anatokwa jasho.

Miaka miwili alikuwa anaumwa chini ya mbavu za kushoto. Zahanati wakasema vidonda vya tumbo, akameza dawa weee, wapi! Mwisho akapigwa utrasaundi Ruangwa. Mpimaji akaangalia, akageuza kile kidude chake, akaangalia tena, akamwita mwenzie.

"Mama, ini lako liko kushoto. Moyo uko kulia. Na nyongo ina mawe."

"Nani kavihamisha?" Zuleha akaja juu.

Akaambiwa kazaliwa hivyo. Hakuamini. Akaenda hospitali kubwa akapimwa upya, jibu lile lile. Daktari akamweleza kwamba watapitisha kamera na vyuma vyembamba kwenye vitundu, ila kwa mwili wake Zuleha, daktari itabidi asimame upande wa pili wa kitanda na kufanya kila kitu kinyume na alivyozoea.

"Basi usiwe na haraka," Zuleha akamwambia.

Akatolewa nyongo, maumivu yakaisha. Sasa mweleze Mikidadi!

"Mbuzi nachinja tangu sijaota ndevu. Nyongo inakaa kwenye ini, ini linakaa kulia. Wewe makovu yameegemea kushoto. Hao wamekuibia bandama!"

Tungecheka yakaisha. Tatizo ni Harithi, mdogo wake Zuleha kutoka Nandagala. Alikuwa kalala pale mkekani, macho ya njano, anatapika, kashika mbavu za kushoto vilevile. Na alimwamini mchinjaji kuliko dada yake.

"Siendi hospitali, dada. Wasije wakaniibia na mimi."

Zuleha akamgeukia Mikidadi. "Shemeji, moyo wa mbuzi unaukuta wapi?"

"Kushoto. Mtoto mdogo anajua."

"Haya, mguse huyu."

Mikidadi akaweka kiganja kifuani kwa Harithi, kushoto. Akasubiri. Akasogeza kidogo. Akasogeza tena mpaka kulia, mkono ukaganda hapo, halafu akauchomoa kama kashika kaa la moto. Harithi naye akajipapasa palepale. Akaanza kutafuta kandambili zake.

Mikidadi akarudi nyuma hatua, anawaangalia kwa jicho la pembeni, sauti imeshuka.

"Ehe. Mama yenu aliwafanyaje nyie? Na mko wangapi?"

Zuleha alikuwa ameshamkamata mdogo wake mkono, wanaelekea barabarani kwenye bodaboda.