Nesi Aliyejua Kusubiri

Mbona kizazi cha mwanamke kikishuka mnanong'ona kama mmeiba kuku? Enzi za Mwingereza, kwenye hospitali ya misheni milimani Upare, kulikuwa na nesi asiyenong'ona. Alipasha viganja kwenye birika la chai kabla ya kumgusa mgonjwa, na akiuliza swali alinyamaza mpaka ajibiwe. Hedwiga wa kijiji cha Bombo alifika kakaza kanga kiunoni akidhani itakizuia kisishuke. Nesi akaifungua taratibu, kisha akageuza mkono wa sweta lake, upande wa ndani ukatoka nje.

"Kimeshuka hivi, mama. Tukikipandisha na kushona, unabaki nacho, ila ukizaa kinaweza kushuka tena. Tukikitoa, hakikusumbui, lakini huzai tena. Unataka lipi?"

"Kitoeni," akadakia Asheri, mumewe. "Shamba linamsubiri."

"Shemeji, wewe una kizazi?"

Hedwiga akacheka mpaka machozi. Nesi akasubiri. Chai ikapoa, bado anasubiri.

"Nishoneni. Bado nataka mtoto."

"Haya. Asheri, kuni na maji utabeba wewe, mkeo asinyanyue kizito."

Na wewe unayesoma, kamuulize mama yako leo anaumwa wapi, halafu funga mdomo usubiri.