Hatua ya Tairi

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana moja mtaani Baba Dogo sikupewa spana. Fundi Mkuu alinipa kipande cha chaki na futi ya fundi cherehani. Nikanuna, maana nilikuja kufungua magurudumu, si kushona.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unachora alama kwenye tairi na nyingine sakafuni, unasukuma gari mpaka ile ya tairi irudi chini, kisha unapima umbali. Hiyo tuliiita hatua. Mshale wa spidi huhesabu mizunguko tu, haujui ukubwa wa tairi. Ukifunga tairi kubwa, kila mzunguko unakula barabara zaidi, na mshale unasoma mwendo mdogo kuliko ule unaokwenda. Mwenye gari lazima aambiwe.

Ijumaa moja, Fundi Mkuu akiwa msikitini, alikuja Baba Njeri, dereva wa basi la shule moja Buruburu. Alitaka matairi makubwa kwa ajili ya mashimo. Alikuwa na haraka, nami nilitaka kuonekana mwepesi. Nikafunga yote bila kupima.

Wiki mbili baadaye akarudi amenyong'onyea. Polisi walimshika Jogoo Road kwa mwendo wa kasi, naye akaapa mshale ulisoma hamsini. Mwalimu mkuu alimwita mwongo, na jioni hiyo alikuwa amfute kazi.

Fundi Mkuu alinitazama, akajua. Tukaenda wote.

Uani mwa shule aliteremsha tairi la spea, lile la zamani, akalizungusha mara moja kando ya basi, akachora alama kwa chaki. Kisha basi likasogezwa mzunguko mmoja. Tairi jipya lilizidi karibu shibiri nzima. Mwalimu mkuu akainama kutazama chaki.

"Sikupima," nikasema. "Kosa ni langu, si la dereva."

Baba Njeri akabaki na kazi yake. Mimi nilingoja kufukuzwa.

"Kesho uje mapema, binti," Fundi Mkuu akasema tukirudi. "Utapima wewe. Mimi nitakushikia chaki."

Na alishika kweli, mtu mzima yule, amepiga magoti kwenye sakafu yenye oili.

Baadaye nilihamia Komarock, nikawa fundi mkuu mwenyewe hadi nikastaafu. Siku hizi simu zinawaambia madereva mwendo wao, sina ugomvi nazo. Lakini mzee wangu, yule Fundi Mkuu, alishafariki, na moyo unaniuma jamani, kwa sababu sikumwambia asante. Ningepewa asubuhi moja tu pamoja naye, hiyo chaki ningeishika mimi.