Mechi Niliyoiandika Kabla Haijaisha

Siku hizi nikiingia duka la mboga pale Al Mansoura, hapa Doha, kuna watu hawanisalimii tena kama zamani, wananiuliza tu, "Mwalimu, mechi ya wiki ijayo imeishaje?" halafu wanacheka mpaka wanaegemea magunia ya viazi, na mimi nacheka nao kwa sababu nitafanya nini, aibu ile sikusingiziwa na mtu, niliitengeneza mwenyewe kwa vidole gumba viwili nikiwa nimekaa kwenye gari lenye kiyoyozi. Basi acha niwaeleze taratibu tangu mwanzo, ili atakayecheka ajue anachokicheka.

Mimi ni Hemedi, mtu wa Tanga, dereva wa familia moja inayokaa The Pearl, mtaa wa matajiri. Mwalimu ni jina la utani tu. Nikijua kitu siwezi kukaa nacho, lazima nimweleze mtu mpaka aelewe, na asipoelewa naanza upya wala sikasiriki. Chumba chetu cha Al Mansoura tunalala wanne kwenye vitanda vya ghorofa, na chini yangu alikuwa analala Waiswa, Mganda wa Jinja, mlinzi wa jengo la maduka, mtu mpole, ambaye kila Ijumaa asubuhi alivaa fulana ya njano yenye mistari myeusi akaenda uwanja wa Al Wukair kuchezea timu ya besiboli inayoitwa Nyuki.

Besiboli ni hivi (mnisamehe, hapa siwezi kuruka): mmoja anarusha mpira, mwenzake wa timu ya pili amesimama na rungu anaupiga, akiupiga anakimbia kuzunguka vituo vitatu mpaka arudi pale alipoanzia, panapoitwa nyumbani, na akifika salama ni pointi moja. Anayekosa mara tatu, au mpira wake ukadakwa, anatolewa; wakitolewa watatu, timu zinabadilishana, na zamu za timu zote mbili ndizo awamu moja. Na kizuri kuliko vyote, nilichokuwa namwambia kila mgeni uwanjani huku nimemshika bega, ni kwamba mchezo huu hauna saa. Hakuna dakika tisini, hakuna refa wa kutazama saa ya mkononi. Hata uwe nyuma kwa pointi ishirini, maadamu mtu wako wa mwisho hajatolewa, mechi bado ipo. (Yashikeni maneno haya, mtaona yalivyonirudia.)

Nilianza kwenda ili nimshangilie Waiswa tu, nikajikuta nimekuwa shabiki, na kuwa shabiki wa Nyuki ilikuwa ni ugonjwa, kwa sababu nyuki wale kwa msimu mzima hawakuwa wamemuuma mtu. Timu ya wapishi wa Kifilipino iliwapiga, ya mafundi wa Kinepali ambao walikuwa na wiki tatu tu tangu washike rungu iliwapiga, na Waiswa, aliyekuwa mrushaji wetu, mkono alikuwa nao wa kutosha ila mpira ukishatoka mkononi unakwenda unakotaka wenyewe, umeshampiga refa, umeshapasua dumu la maji, na Ijumaa moja ulimfuata paka aliyekuwa amelala zake kivulini.

Lakini kilichokuwa kinanichoma zaidi ya vipigo vyenyewe ni Mutiso. Huyu ni Mkenya wa mapokezi ya hoteli, ndiye aliyekuwa mwandishi wetu wa michezo, yaani kila Ijumaa mchana anaweka ripoti kwenye kundi letu la simu, kundi kubwa la watu wa Afrika Mashariki walioko Doha pamoja na wake zao na ndugu zao walioko nyumbani. Na Mutiso hakuwahi kukanyaga uwanjani! Ijumaa asubuhi yuko kazini, anapiga simu kuuliza matokeo, halafu anashusha sifa. Siku tuliyofungwa kumi na tisa kwa mbili aliandika: "NYUKI WAPOTEZA KWA HESHIMA! Vijana wetu wenye mioyo ya chuma waliwatia wapinzani hofu mpaka dakika ya mwisho." Dakika ipi, jamani, wakati mchezo hauna dakika?

Nikashindwa kuvumilia, nikamwandikia mbele ya kundi zima kwamba mtu anayeandika mechi asiyoiona ni kama mpishi anayesifia pilau ya jirani kwa kusikia harufu. Watu wakacheka. Mutiso akajibu, "Sawa, Mwalimu. Kalamu ndio hiyo, andika wewe tuone."

Nikaandika. Wiki mbili niliandika ukweli mtupu, nani kaangusha mpira, nani kalala kituoni, watu wakafurahi, mmoja akaniambia nina kipaji, na kichwa changu kikaanza kuvimba, naomba nikiri.

Ijumaa ya tatu ndiyo ilikuwa ya mwisho kwa Waiswa. Mkataba wake umeisha, Jumapili anapanda ndege kurudi kwao kabisa. Alfajiri ile, tunafunga viatu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hii ya leo uandike mzuri. Mzee wangu atasomewa."

Sasa mzee wake ni mtu ambaye hakuwahi kuelewa kwa nini mwanawe, mtu mzima mwenye sare na kirungu cha kazini, anaitumia siku yake ya mapumziko kuwarushia mpira watu wasiomkosea. Harriet, mke wa Waiswa, alikuwa kwenye kundi, na Ijumaa ile alikuwa amepanga kumkalisha mzee sebuleni na kumsomea ripoti kwa Kisoga, lugha yao, apate angalau mara moja kusikia mtoto wake alikuwa akifanya nini huku. Nikamwambia Waiswa, "Ondoa shaka, kaka. Nitaandika nilichokiona."

Tulicheza na wale wapishi wa Kifilipino. Mpaka awamu ya tano kati ya saba tulikuwa nyuma kumi na moja kwa tatu, jua limeshaanza kuuma shingo, Waiswa ameshampa refa mpira mmoja wa goti, na hapo simu yangu ikaita. Alikuwa bosi, kwamba mama yake anataka kwenda kwa dada yake kabla ya swala ya Ijumaa, yalla, Hemedi, njoo. Nikawapungia mkono vijana, nikaondoka na gari mpaka The Pearl, mwendo wa zaidi ya nusu saa, simu sijaigusa maana kamera za barabarani huku hazina undugu na mtu.

Nikaegesha kwenye maegesho ya chini ya jengo kumsubiri bibi, mama yake bosi. Kule chini mtandao haufiki. Na hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Nikajiambia, Hemedi, kumi na moja kwa tatu, Nyuki hawa hawa unaowajua, kuna cha kusubiri? Andika sasa hivi, ukitoka juu iende yenyewe, wewe uwe umemaliza kazi.

Nikaandika. Na kwa kuwa ripoti lazima iwe na mwisho, nikautunga (mimi niliyemsema Mutiso, mimi huyu huyu!). Niliandika hivi, bado nayakumbuka yote: "Nyuki wamezikwa Al Wukair. Katika awamu ya mwisho Waiswa alirusha kama mtu anayefukuza kuku shambani, akatoka uwanjani kichwa chini. Tunampenda ndugu yetu, na Jumapili tutamsindikiza kwa upendo, ila tunaiomba familia yake huko Jinja isimpe kitu cha kurusha." Nilijiona nimechekesha mno hapo pa mwisho. Nikabonyeza tuma, kijisaa kidogo kikakaa pembeni kikisubiri mtandao.

Bibi akashuka. Tunamwita Mama Kabira, yaani mama mkubwa, mwanamke wa miaka mingi na masikio mazima. Akakaa nyuma, nikawasha gari, tukapanda ile njia ya kutokea, na gari lilipoona jua tu nikasikia simu ikilia ting, ripoti imeondoka, na palepale ting ting ting ting, zikaanza kuingia kama mvua ya mawe. Halafu Mutiso akapiga, na simu yangu imeunganishwa na spika za gari.

"Mwalimu!" sauti ikajaa gari zima. "Buda, umejichoma! Si wewe ndio ulikuwa uwanjani? Mbona hawa wasee wanatuma picha wamembeba Waiswa juu juu? Wameshinda! Kumi na mbili kwa kumi na moja! Waiswa ametoa watu sita mfululizo halafu yeye mwenyewe akapiga ile ya mwisho! Na wewe umewazika!"

Nikakata. Mama Kabira akauliza nani anakugombeza. Nikamwambia hakuna kitu, mama. Akasema kitu hakipigi kelele namna ile. Basi, kwa Kiarabu changu cha kuokoteza, nikaanza kumweleza, na mnanijua, nikianza kueleza lazima nianzie kwenye vituo vitatu na nyumbani, mpaka tunafika kwa dada yake alikuwa ameshaelewa besiboli vizuri kuliko wachezaji wetu wawili ninaowafahamu. Akashuka, akainama dirishani, akaninyooshea kidole, "Hemedi. Kadhabu!" Yaani mwongo. Akaingia ndani anacheka, na nikamsikia anamsimulia dada yake tangu mlangoni.

Nikashika simu, nikaibonyeza ile ripoti ili niifute. Hapa nawaelekeza kwa faida yenu: simu inakuuliza ufute kwa kila mtu au ufute kwako wewe tu. Mimi kwa haraka nikabonyeza kwangu. Ripoti ikapotea machoni pangu, nikashusha pumzi, nikasema alhamdulillahi, kisha nikaandika kwenye kundi kwa kujiamini kabisa: "Jamani, ripoti gani mnayoisema? Mimi sijatuma kitu. Hebu tusizushiane."

Watu wote wanaiona ila mimi! Kila mtu akaanza kunirushia picha ya ripoti yangu yenye jina langu juu, mmoja akaizungushia duara jekundu, mwingine akaandika, "Mwalimu, unaificha nyuma ya kidole?" Na katikati ya vicheko vile ukaingia ujumbe mmoja mfupi wa Harriet, "Mzee ameshasomewa." Hapo kicheko kikanikauka.

Nyumbani sikuwa na pa kukimbilia, kwa sababu sherehe ya ushindi ilikuwa chumbani kwetu wenyewe. Baada ya swala nikaingia, nikakuta sufuria la pilau katikati, Nyuki wote wamejazana mpaka vitanda vya juu, Mutiso kasimama juu ya kiti na sare yake ya hoteli anasoma ripoti yangu kwa sauti ya mtangazaji wa redio, na alipofika pale pa kuku watu walikuwa wanalia kwa kucheka. Waiswa peke yake alikuwa amekaa kitandani kwake, ameushika mpira.

Nikakaa karibu yake. "Mzee amesema nini?"

"Amesema nirudi tu, nisione haya. Eti shamba liko."

"Harriet hajamwambia kwamba mmeshinda?"

"Amemwambia. Mzee anasema mke wangu ananifunika aibu. Anasema iliyoandikwa ndiyo kweli, nani anaweza kuandika kitu ambacho hakijatokea?"

Nawaambieni, nimewahi kufokewa na polisi wa barabarani na nimewahi kugonga lango la bosi kinyumenyume, lakini hakuna kilichowahi kunipunguza kama lile swali la mzee ambaye hata hajaniona. Nikamwambia Waiswa, "Mpigie. Nitasema naye mimi."

Akapiga kwa video. Mzee akatokea, amevaa koti, kumbe alijivalisha ili aje asomewe. Harriet pembeni anafasiri. Nikasema, "Shikamoo mzee. Mimi ndiye niliyeandika."

Harriet akafasiri, mzee akasogeza uso kwenye simu, akauliza kitu. "Anauliza, ulikuwepo?"

"Mwanzo nilikuwepo, mzee."

"Na mwisho?"

"Mwisho sikuwepo. Niliubuni."

Mutiso akashuka kwenye kiti. Mzee akasema maneno machache, Harriet akaanza kutabasamu. "Anasema, basi kaa chini, waliokuwepo waseme."

Nikakaa chini, kweli kabisa, sakafuni, na Mutiso akakaa kando yangu (na yeye si hakuwepo?), waandishi wawili kama watoto wa chekechea, na Nyuki wakatoka wote kwenye korido wakaicheza upya ile mechi mbele ya simu, mwiko wa pilau ndio rungu, kitunguu ndio mpira, vituo ni viatu vya watu, mlango ndio nyumbani. Waiswa akarusha kitunguu kimoja, viwili, vitatu, vyote vimenyooka, jirani mmoja wa Kihindi akafungua mlango kuona kuna nini akapewa kazi ya kuwa refa. Halafu Waiswa akashika mwiko, akapiga, kitunguu kikapasuka kikatapakaa ukutani, wenzake wawili wakakimbia kutoka kwenye viatu mpaka mlangoni, na kule Jinja nikamwona mzee amesimama, ameinua mikono yote miwili, anapiga kelele kwa Kisoga, na hiyo haikuhitaji wa kufasiri.

Kwenye kundi niliomba radhi na kuandika upya, nikiorodhesha majina ya wote walionieleza, na mwisho nikamtaka radhi Mutiso peke yake. Akajibu, "Usijali, buda. Angalau mimi huwa napiga simu kuuliza."

Nikaapa kwamba sitaandika tena neno moja kabla mtu wa mwisho hajatolewa. Ijumaa iliyofuata Nyuki wakafungwa kumi na saba kwa moja, na mimi nikakaa pale Al Wukair mpaka mwisho, masikio yanababuka, nikayaona yote kumi na saba. Sasa Waiswa yuko kwao, anawafundisha watoto wa jirani kurusha, na kila Ijumaa asubuhi, katikati ya vumbi na vipigo vyetu, ananiandikia swali moja tu: "Mwalimu, imeisha?"

Natazama uwanjani, nahesabu waliotolewa, halafu ndipo namjibu: "Bado."