Wiki Moja kwa Mama Spesi

Sisi tuliokulia Kilibula, mtaa wa Uvira huko Kongo, wakati ule, ng'ambo ya ziwa ndiyo ilikuwa Ulaya yetu. Asubuhi Burundi ilielea kwa mbali, buluu juu ya buluu, nasi tulioga na kubishana kama watoto wa kule wanachezaga mpira wa matambara kama sisi.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili Madamu Furaha, mwalimu wetu, alipotangaza kwamba wanafunzi wanane watakwenda kwenye shule moja ya kule kwa wiki nzima. Kila mmoja angekaa na familia, ajue maisha yao na namna wanavyotunza udongo na miti. Baadaye wenzetu nao wangekuja kwetu. Jina langu lilikuwa la pili.

Baba, muuza vitenge na mtu wa swala tano, hakupenda. "Weye Zaituni, kule utakula nini? Wanapikaka nguruwe."

"Baba Zaituni, acha mutoto aone," Mama akasema. Lakini naye alinifungia mikate na ndagala wa kukaanga, wale dagaa wa ziwa letu, akaninong'oneza nisiguse chakula cha watu.

Tulizunguka ncha ya ziwa, tukavuka mpaka kwa miguu, sketi zimepigwa pasi, kisha tukaimba ndani ya basi mpaka sauti zikakauka. Nilipokelewa na Mama Spesi, mkulima mwenye mikono mikavu, na binti yake Janine, rika langu. "Kaze!" alisema, yaani karibu, akanikumbatia hata kabla sijatua begi.

Siku mbili nilisingizia tumbo. Walipokaa kula, mimi nilikwenda nyuma ya nyumba na mkate wangu. Siku ya tatu asubuhi, safu ndefu ya sisimizi ilitoka mlangoni, ikapita sebuleni, ikaingia chini ya kitanda. Mama Spesi aliifuata taratibu mpaka kwenye begi langu, akafungua, akaona.

Nilitamani ardhi inimeze. Hakunigombeza. Alinishika mkono mpaka jikoni, akasema kwa Kirundi, Janine akatafsiri.

"Mama anasema iko anajua unaogopa sufuria yetu. Angalia hii."

Ilikuwa sufuria mpya, karatasi ya dukani bado imeganda ubavuni.

"Aliinunua siku walituambia Mwislamu anakuja. Ni ya chakula yako tu. Weye unakataaka, kuku ndio wanakula."

Nililia pale pale, kamasi na machozi pamoja. Kisha nikala maharage na ndizi mpaka nikaomba kuongezwa.

Siku zilizobaki zilipita kama ndoto. Tulipanda mianzi ukingoni mwa mto wao, tukachimba mifereji ya kukinga maji mlimani, miguu ikinuka udongo mbichi. Siku ya mwisho tulipumzika kwenye mteremko, ziwa limetulia chini yetu.

"Kwenu iko wapi?" Janine akauliza.

Nikanyoosha kidole. Ndipo nilipoiona milima ya Uvira kama mgeni anavyoiona: miti imekwisha, makorongo mekundu yanashuka moja kwa moja mpaka kwenye mapaa yetu.

"Mvua ikinyesha, munafanyaka nini?"

Nikamwuliza kama miche ya mianzi inaweza kuvuka mpaka.

Nilirudi na miche ya mianzi imefungwa katika kitambaa chenye maji. Baba aliisikiliza habari ya sufuria mpaka mwisho, kisha akachukua jembe mwenyewe. Mbuzi walikula miche mingi. Iliyobaki ilishika ukingo wa korongo letu, na mvua kubwa zilipokuja miaka ya baadaye, nyumba yetu ilibaki imesimama. Lakini wageni wetu hatukuwaona. Kabla ya zamu yao vurugu zilianza, mpaka wa nchi ukafungwa, na mkeka ambao Mama alimshonea Janine tuliutumia wenyewe.

Leo binti yangu ana marafiki ndani ya simu, wa nchi ambazo mimi hata kuzitamka siwezi. Anajua majina ya paka wao, ila hajawahi kula kwao wala kuona aibu mbele ya mama zao. Nilipomsimulia habari hii alicheka. "Maman, mutafute mu simu, atapatikana tu!"

Nikamtafuta Janine. Wenye jina lile ni wengi mno. Nilipitia nyuso zao moja moja, wanawake wazima wenye watoto mapajani, nikakata tamaa. Baadaye ndipo nikatambua kwamba muda wote ule nilikuwa natafuta msichana wa miaka kumi na miwili.