Nani Anamlisha Paka Wangu

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Mtu akinisalimia kwa furaha iliyopitiliza najiuliza anataka nini. Ofisini kwetu bandarini, ambako nashughulikia nyaraka za mizigo, tabia hiyo ilinisaidia, maana msimu wa korosho ukifika kila dereva wa lori anakuwa ndugu yako. Nyumbani haikunisaidia kitu, lakini tabia haina likizo.

Paka wenyewe walikuwa wawili, dume na jike, waliozaliwa katika ghala moja la korosho na kukulia humo. Kazi yao ilikuwa panya. Wapakiaji wa mizigo wakawapenda, wakawa wanawapa maandazi yaliyochovywa kwenye chai ya maziwa, na chai ya wapakiaji ni ile ambayo sukari yake haina huruma. Paka wakanenepa hadi panya wakaacha kuwaogopa. Kisha, bila mtu kuwanyima chochote, wakaanza kukonda. Siku moja nilipeleka karatasi ghalani nikamkuta dume kwenye ndoo ya maji, anakunywa, anapumzika, anakunywa tena, na jike nyuma yake anangoja zamu. Nikajua hapo hapo. Kiu ya namna ile niliishi nayo nyumbani kwangu miaka mingi. Ilikuwa ya mama.

Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kisukari kilianza na macho yake, kikaja kumalizia na figo. Mimi ndiye niliyekuwa namchoma sindano asubuhi kabla ya kazi na jioni nikirudi, na alipokwisha kuzikwa nikawa naamka saa ile ile, nakaa kitandani, sijui mikono niipeleke wapi. Nasema hivyo ili ieleweke kwa nini mtu mzima mwenye akili zake aliwatia paka wawili kwenye boksi la sabuni akawapeleka kwa daktari wa mifugo.

Daktari alikuwa kijana mpole aliyezoea ng'ombe na kuku wa kisasa. Nilimpa mashine ya mama ya kupimia sukari, akachukua tone la damu ukingoni mwa sikio la kila paka, akaangalia namba, kisha akaniangalia mimi. Alisema ni kisukari, tena kimepanda, na kama ningetaka ushauri wa kweli wangechomwa dawa ya kulala wasiamke. Nikamshuku papo hapo. Anayekimbilia kuua huwa mvivu wa kutibu. Nikamwambia sindano naijua. Basi akanionyesha kipimo, kidogo mno, akanifundisha kuvuta ngozi ya shingo, halafu akaanza kunieleza habari za chakula. Hapo sikumsikiliza sana. Chakula cha mgonjwa wa sukari nilikijua kabla yeye hajaanza chuo.

Dawa nilinunua duka lile lile nililokuwa nanunulia ya mama. Muuzaji alikuwa amekuja msibani, kwa hiyo aliniuliza safari hii ni ya nani. Nikasema ya paka. Alicheka, akaona mimi sicheki, akanifungia dawa. Tangu siku hiyo akawa ananitazama kama mtu anayevusha magendo. Nyumbani nilikuwa na friji, lakini gesi ya kuzalisha umeme inatoka pale Madimba inasafiri mpaka Dar es Salaam, na sisi majirani zake umeme ukikatika tunamulikiana kwa simu. Nikaifunga chupa ndani ya nailoni na kuitumbukiza kwenye mtungi wa maji uliokuwa kivulini, kama tulivyofanya enzi za mama.

Na chakula nacho kikawa cha mama. Kliniki walitufundisha dona, basi nikawapikia paka dona, laini, na mchuzi wa dagaa juu yake kama manukato. Jike alikula kwa sababu alikuwa na adabu. Dume alinusa akaondoka. Haukupita muda dume akajilaza chini ya mpapai nyuma ya nyumba na hakuinuka tena. Daktari alisema alikuwa amechelewa kuletwa. Mimi nikasema ngoja niwatazame vizuri majirani.

Jirani wa kutazamwa alikuwa mmoja. Ng'ambo ya kichochoro, akitazamana na mlango wangu, kuna mama anayekaanga samaki. Wazazi wake walivuka Ruvuma wakitokea Msumbiji na yeye akazaliwa upande huu. Ni Mmakonde, mimi Myao, kwa hiyo ni watani, na yeye utani haufanyi kwa kubahatisha. Msibani kwa mama alilala mbele ya jeneza akasema halipiti mtu mpaka aachiwe kanga za marehemu, na waombolezaji wakacheka huku wanafuta machozi. Ndiyo kazi ya mtani. Haombi radhi na hachukiwi, na anachosema hakiwekwi moyoni. Mtani akikwambia nyumba yako inaungua, unacheka kwanza.

Alipoona namchoma paka sindano barazani, alitangaza kwa wateja wake wote kwamba Wayao sasa wameishiwa wagonjwa. Mimi nikamjibu kwamba ana haki ya kumwonea wivu paka, maana kwao Umakondeni wanagombea panya mmoja. Tukacheka. Lakini nikiingia ndani nilikuwa nayarudia maneno yake, nayageuza, natafuta kilichofichwa chini. Lisemwalo lipo.

Jike alianza kupona, na ndipo mashaka yangu yaliponona. Manyoya yalirudi yakawa yanang'aa. Kiu ikapungua. Mbavu zikafunikwa. Mtu mwingine angemshukuru Mungu. Mimi niliona sahani ya dona inabaki vile vile, juu imekauka, na mlaji anazidi kuwa mzito nikimnyanyua. Asiyekula akinenepa, yupo anayemlisha, na anayekulishia mnyama wako kwa siri hawezi kuwa na nia njema. Nikanusa mdomo wake. Samaki.

Nilimuuliza jirani nikiwa nimesimama mbele ya karai lake, mchana, kama mtu anayepita tu. Hakukana hata kidogo. Alisema ndiyo, anamlisha yeye, kila siku, vichwa na matumbo ya samaki anaposafisha, maana anataka anone amle sikukuu. Wateja wakaangua kicheko. Nikacheka na mimi, nikarudi zangu nimeridhika kwamba si yeye, kwa sababu mwenye siri hawezi kuitangaza namna ile.

Nikaanza kuwachunguza wengine. Nilimshuku mwalimu wa nyumba ya pili, mtu wa Kanda ya Ziwa, kwa kuwa tu alikuwa na desturi ya kunywa maziwa. Nilishuku watoto wa madrasa. Nilifikia kumfungia paka ndani nikienda kazini, na alikuwa akitokea kwenye tundu la dirisha la jikoni ambalo mimi nilidhani hata mjusi hapiti.

Siku chache baadaye jirani alinipigia kelele kutoka kwenye kibanda chake, nikiwa natoka dukani na mkate. "Mtani, andaa sanda ndogo! Yule paka nimeshamtilia dawa yangu."

Nilicheka nusu.

Jumamosi iliyofuata nilimchoma sindano asubuhi kama kawaida na kuingia kufua. Nilipotoka kuanika nikamwona paka anavuka uwanja kama mlevi wa uraka, ile pombe ya mabibo, miguu ya nyuma inakwenda kwake na ya mbele kwake. Akagonga ndoo, akaanguka. Macho yalikuwa meusi tii, mwili unamtetemeka, na mate yanamtoka. Nikasema basi, amekwisha fanya alichosema.

Nilipaswa kushughulika na paka. Nilimfunika kanga nikavuka kichochoro. Niliyoyasema pale mbele ya watu siyaandiki. Nilimwita mchawi, nikamwambia amemaliza dume na sasa anamalizia jike, nikamwambia kuwa mama yangu alikula samaki wake miaka yote na huenda hata yeye. Alikuwa akitabasamu nilipoanza, kijiko cha kugeuzia mkononi, anangoja nimalize ili anijibu kwa utani mkubwa zaidi. Nilipomtaja mama tabasamu likaondoka. Aliteremsha karai jikoni, akafuta mikono, akaniuliza paka yuko wapi.

Alitangulia yeye kufika uwanjani. Alichuchumaa, akamfunua, akasema kwa sauti ya chini, "Una mashine yako. Pima. Kama ni sumu yangu, nipeleke serikali ya mtaa, nitakwenda mwenyewe."

Sikutaka kupima. Nilitaka maziwa ya kuondoa sumu. Lakini aliniangalia vile, na watu walikuwa wameshajaa kwenye kichochoro, nikaingia ndani nikaleta mashine ili nimwaibishe. Nikachoma sikio. Mashine ikafikiri, kisha haikutoa hata namba, iliandika tu kwamba sukari iko chini kuliko inavyoweza kuhesabu.

Maandishi yale nilikuwa nimeyaona zamani, alfajiri moja mama alipokuwa anatota jasho na haniiti jina langu. Mikono ilikumbuka kabla ya kichwa. Nikakoroga sukari kwenye maji kidogo mpaka ikawa nzito, jirani akashika kichwa cha paka na kufungua mdomo kwa vidole vinavyonuka mafuta, mimi nikampaka kwenye ufizi, nikampaka tena. Paka alimng'ata jirani, kwa nguvu, damu ikatoka, naye hakuachia. Baadaye paka akakohoa, akaramba pua, akaangalia watu wale wote kwa dharau. Ndipo nilipojua amerudi.

Nikamwambia jirani kwamba kumbe kweli alikuwa anamlisha.

"Nilikwambia," alisema.

"Ulisema kwa utani."

"Kwani mimi nawe tulishawahi kusema kwa namna nyingine?"

Daktari alikuja mchana na pikipiki yake. Akapima, akauliza paka anakula nini, na jirani akajibu yeye, samaki, samaki mtupu. Daktari akaniambia, bila kunisuta, kwamba paka si mtu, unga wa dona kwake ni sukari tu iliyovaa kanzu, na kwamba wapo wanaobahatika, ukiwapa nyama au samaki na sindano kwa muda, mwili wao unashika kazi yake wenyewe. Huyu alikuwa amefika hapo. Samaki walikuwa wanaishusha sukari, na mimi nilikuwa nikija juu yake na sindano ile ile ya mwanzo. Akasema sindano tuache, nipime tu, tuone.

Nilimshukuru, nikamsindikiza, na sikumwamini. Kesho yake nikapima, namba ikawa nzuri. Nikasema betri. Nikanunua betri. Namba ikawa nzuri. Nikasema vijiti vya kupimia vimepitwa na muda, nikabadili, nikajipima na mimi mwenyewe, sote tukawa wazima. Nikamshuku daktari kwamba anataka kujiondolea usumbufu. Kila asubuhi nilikuwa naitoa chupa mtungini, naifungua ile nailoni, naishika, nairudisha. Paka alikuwa akija mwenyewe saa hiyo, anakaa barazani na kuinamisha shingo, anangoja. Asubuhi moja nikavuta dawa ndani ya bomba. Kidogo tu, nilijiambia, kidogo haidhuru, heri kinga kuliko tiba.

Jirani alikuwa anawasha mkaa. Aliniona. Hakupiga kelele wala kufanya mzaha wowote, alivuka kichochoro na pepeo lake mkononi akaketi kando yangu kwenye baraza, karibu kabisa, kama walivyoketi wanawake siku ya msiba.

"Mwenzangu," alisema, "mama yako alikuwa na ugonjwa wa kwenda nao. Ulimtunza, kila mtu wa hapa aliona. Huyu amepona. Muache apone."

Nikamwambia hakuna anayepona ugonjwa ule.

Alinyoosha kiganja, kile chenye kovu la meno, na mimi nikaweka sindano juu yake. Paka alingoja kidogo zaidi na shingo yake imeinama. Alipoona hachomwi akajinyoosha, akavuka kichochoro kwenda kwenye beseni la samaki, mzito, mwenye afya, na wala hakugeuka kututazama.

Nilimchukia yule paka. Siku zote nilikuwa natafuta nani anamwonea paka wangu kijicho, na asubuhi ile nikaona ni mimi, nilikuwa namwonea wivu mnyama kwa niaba ya mama. Nikalia mpaka mkaa wa jirani ukazimika, na yeye akaketi pale pale, hakunyanyuka kwenda kuupepea.