Mwelu na Treni Iliyoziba Njia

Mwelu Ndeti alilinda kivuko cha reli kwa miaka minane, pale watu wa mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben, Nairobi, wanapokatiza kuingia Industrial Area, eneo la viwanda. Reli yenyewe aliijua tangu utotoni. Baba yake alitoka Ukambani akiwa kijana, akaandikwa kazi ya kuunga na kutenganisha mabehewa, na watoto wake sita wakakulia katika chumba kimoja cha wafanyakazi wa reli huko Makongeni. Siku hizo ukisema unafanya kazi reli, duka lilikukopesha bila kukuuliza jina mara mbili. Kisha wafanyakazi wakapunguzwa, mzee akarudi Machakos, na huko ndiko alikozikwa.

Kazi ya Mwelu haikuwa na heshima hiyo. Aliajiriwa na kampuni ndogo ya ulinzi iliyopewa kandarasi. Alikuwa na kibanda cha mabati, filimbi, bendera ya kijani na nyekundu. Asubuhi saa kumi na mbili watu walianza kupita, wengi kwa miguu, wakiwahi mageti ya viwanda. Vibarua huchaguliwa saa moja kamili. Ukichelewa dakika tano, unarudi nyumbani mikono mitupu.

Shida ilikuwa treni ya mizigo. Mara kwa mara ilisimama katikati ya kivuko, nusu saa, hata saa nzima, ikingoja kuruhusiwa kuingia yadi ya mizigo. Enzi za baba yake treni ikikwama hapo, mabehewa mawili yalitenganishwa watu wapite, kisha yakaungwa tena. Mwelu aliwahi kumwomba msimamizi wake, Mutisya, awaambie wakubwa warudishe utaratibu huo.

"Hayo yalikuwa mambo ya wakati wa babako, Mama Mutie," Mutisya alimjibu. "Wewe piga filimbi tu."

Akapiga filimbi. Watu wakazidi kuinama na kupenya kati ya mabehewa.

Mmoja wao alikuwa Adoyo, mama wa watoto wawili aliyekuwa akichambua plastiki kiwandani. Kila asubuhi alimsalimia Mwelu kwa sauti ya juu, na baada ya muda walianza kupeana habari za watoto. Jumanne moja ya mvua za Aprili, treni ilikuwa imesimama hapo dakika arobaini. Njia ya kuzunguka darajani ilikuwa imejaa maji. Adoyo alifika akihema.

"Mama Mutie, leo nikichelewa wananitoa kabisa. Walishanionya."

Mwelu alitazama mbele, akatazama nyuma. Injini ilikuwa imetulia. Kwa mazoea yake, ingechukua robo saa nyingine.

"Pita," akasema. "Lakini fanya haraka."

Adoyo alikuwa ameshavusha mguu mmoja juu ya chuma kinachounganisha mabehewa wakati treni iliposhtuka. Honi haikulia. Mabehewa yaligongana moja baada ya lingine, kutoka mbele hadi nyuma, na Mwelu akasikia ukelele. Alimshika Adoyo kwapani akamvuta kwa nguvu zote. Mguu wa kushoto ulikuwa umesagika chini ya goti. Mwelu aliufunga kwa bendera nyekundu, akapiga kelele hadi wanaume wanne wakaja na mkokoteni.

Hospitalini mguu ulikatwa.

Siku ya tatu Mutisya alikuja kibandani na karatasi iliyokwisha kuchapwa. Ilisema dereva alipiga honi, mlinzi akapiga filimbi, na mwathiriwa akakaidi.

"Weka sahihi hapa, tumalize," Mutisya alisema.

"Honi haikulia."

"Nani mwingine ataapa hivyo? Na wewe unataka waulize ulikuwa wapi? Hii inakukinga wewe kwanza."

Mwelu aliisoma karatasi tena toka juu. Mutisya hakujua kuhusu lile neno, pita. Hakuna aliyejua isipokuwa yeye na Adoyo. Karatasi ile ingemwokoa kweli, na mwanawe Mutie alikuwa kidato cha tatu. Aliomba apewe mpaka kesho.

Usiku huo hakula. Asubuhi aliomba kalamu na karatasi tupu akaandika kwa mkono wake kila kitu: dakika alizohesabu, honi ambayo haikulia, na mwisho, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemruhusu Adoyo kupita. Nakala moja alimpa Mutisya, nyingine akaipeleka kwa polisi. Kabla ya wiki kwisha alifutwa kazi.

Alimtembelea Adoyo wodini mara moja tu. Adoyo alimgeuzia uso ukutani.

"Nilikuamini," alisema. "Wewe ndiye ulikuwa unajua treni."

Mwelu aliacha machungwa mezani, akaondoka.

Sasa anafua nguo za watu Buruburu, mikono imechubuka. Kesi ya Adoyo ya kuidai reli fidia ipo mahakama ya Makadara, na ile karatasi ya Mwelu ndiyo ushahidi mkubwa anaoutegemea. Imeahirishwa mara tatu. Kule kivukoni, treni hairuhusiwi tena kuziba njia zaidi ya dakika kumi. Tangazo limebandikwa, ingawa siku nyingine halifuatwi.

Mara ya tatu walipoahirishiwa, wanawake hao wawili walijikuta kwenye benchi moja nje ya chumba cha mahakama. Adoyo alilaza magongo yake sakafuni.

"Wakili anasema wangekuacha kazini kama ungeweka ile sahihi," alisema bila kumtazama.

"Ndiyo."

Adoyo alimgeukia. "Bado nina hasira na wewe, Mama Mutie."

"Najua."

"Lakini tarehe ijayo usikose."

Mwelu alisema atakuja. Kisha akainama, akamwokotea magongo, na Adoyo akayapokea.